Kusablimisha kwa flaski za kioo za maabara: flaski ipi ifanye kazi ipi?

Mpenda_Fuwele (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tujadili jambo ambalo vitabu vya shule hulipa nusu ukurasa kisha vinakimbilia mada nyingine: usablimishaji, yaani kitu kigumu kugeuka mvuke, na mvuke huo kuganda tena kuwa kigumu bila kupita kwenye hali ya kimiminika. Mchoro ni uleule kila kitabu: kibakuli cha kauri, karatasi yenye matundu, faneli iliyopinduliwa juu yake, pamba kwenye shingo ya faneli. Mwisho wa habari.

Mimi faneli ya ukubwa huo sina. Nilichonacho ni flaski: flaski koni za mililita 250 na 500, flaski za duara za ukubwa mbalimbali, moja ya kuchujia yenye mkono ubavuni, na bika kadhaa. Zote ni za kioo cha borosiliketi, kile kinachostahimili joto. Nataka kusafisha nafthalini iliyochanganyika na mchanga, halafu kafuri, baadaye iodini.

Ninachotaka kujua ni ipi kati ya hizi inafaa, na kama naweza kuunganisha pampu ya ombwe, yaani ya kunyonya hewa iliyo ndani, ili kazi iende haraka. Pia kuna jambo linanikera: kwa nini fuwele zote hujazana shingoni mwa flaski ambako hata kijiko hakifiki? Nawasilisha.

Kiti_cha_Mbele

Nimevuta kiti. Waje wenye fani yao.

FundiVioo

Mkuu, kazi yangu ni kupuliza na kukarabati vioo vya maabara, kwa hiyo kemia yenyewe nawaachia wengine. Nitasema la kioo tu.

Kwanza joto. Borosiliketi ile ya kawaida ya maabara hutanuka kwa sehemu 3.3 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya selisiasi. Kioo cha kawaida cha chupa na madirisha hutanuka karibu mara tatu ya hapo. Ndiyo maana flaski yako inaweza kukaa juu ya hita na jagi la maji haliwezi. Joto la kazi unazotaja, chini ya nyuzi 200, halikisumbui kioo hiki hata kidogo. Kinachokisumbua ni tofauti ya joto kati ya sehemu moja na jirani yake. Unga mkavu haupitishi joto vizuri kama maji. Ukiweka mwali wa moto chini ya flaski yenye unga, kitako kinawaka mahali pamoja na pembeni bado pa baridi. Hapo ndipo ufa unapoanzia.

Pili, ombwe. Hapa naomba nisikilizwe vizuri: flaski koni za kawaida na flaski zote zenye kitako bapa haziwekwi kwenye ombwe. Iliyoruhusiwa ni ile ya kuchujia, yenye mkono ubavuni, kwa sababu ukuta wake ni mnene na imetengenezwa kwa kazi hiyo. Na hiyo nayo ni ya ombwe la kuchujia, haikuundwa ipashwe moto. Ukuta mnene hauna subira na joto la ghafla. Watu hudhani unene ni nguvu ya kila aina, kumbe kwenye joto unene ni udhaifu, kwa sababu upande wa ndani na wa nje hupishana joto.

Kwa hiyo ukitaka joto na ombwe kwa pamoja, jibu ni flaski ya duara. Basi.

Msela_wa_Ombwe

Fundi nakuheshimu ila hapo umetia chumvi. Mimi nimevuta ombwe kwenye flaski koni mara nyingi tu, kwa pampu ile ya kufunga kwenye bomba la maji, na haijawahi kupasuka. Mnatisha watu bure.

FundiVioo

Kaka, tupige hesabu. Angahewa inasukuma kwa karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Flaski koni yenye kitako cha upana wa sentimita 10 ina eneo la sentimita mraba 78 na ushei chini yake. Ukitoa hewa ya ndani, kitako hicho bapa kinabeba mzigo wa takriban kilo 80, mtu mzima amesimama juu ya kioo cha milimita mbili hivi. Pampu ya maji haikuokoi. Inakuachia ndani mgandamizo mdogo tu, kiasi cha ule wa mvuke wa maji yenyewe, milimita 17 au 18 za zebaki maji yakiwa nyuzi 20, kati ya 760 za nje. Yaani karibu mzigo wote upo tayari. Pampu kali zaidi inaongeza tone tu.

Sasa chukua flaski ya duara ya lita 1, upana wa nje sentimita 13. Ukiikata kwa mawazo katikati, nusu mbili zinabanwa kwa zaidi ya kilo 130. Mzigo ni mkubwa kuliko wa kwanza, lakini unasambaa mzingo mzima kama kubanwa, na kioo kinapenda kubanwa. Kisichopenda ni kuvutwa. Kitako bapa kinapopinda kuelekea ndani, pale pembeni kinapokutana na ukuta kioo kinavutwa, na mkwaruzo mdogo usiouona kwa macho unatosha kuanzisha ufa.

Haijapasuka kwako kwa sababu bado haijapata mkwaruzo mahali pake. Na flaski inayokufa kwa ombwe haimwagiki chini kama inayopasuka kwa moto. Inaingia ndani, vipande vinagongana katikati na kurudi nje usoni kwako.

Msela_wa_Ombwe

Sawa, kilo 80 sikuwahi kuziwaza hivyo. Nimeinua mikono.

BintiMaabara

Fundi umemaliza la kioo. Naongeza la ukaguzi, maana hata ya duara si kinga ikiwa imeumia. Kabla ya ombwe mimi huishika flaski tupu na kavu chini ya taa, naizungusha polepole huku nikitazama kwa mshazari. Unatafuta ufa wa nyota: kidoa kidogo chenye miale mifupi, mara nyingi pale flaski ilipogongana na nyingine kwenye droo au ilipoguswa na klampu ya chuma isiyo na mpira. Ukiuona, flaski hiyo haiendi tena kwenye ombwe wala kwenye joto. Na hata iliyo nzima ifunge kwa wavu wa plastiki au mkanda, vaa miwani ya kinga, shusha kioo cha mbele cha kabati la kufyonza mvuke.

MzeeWaBika

Mwanzisha uzi, kabla hujafika kwenye pampu, nikuulize: unaihitaji? Wengi hukimbilia ombwe kwa vitu visivyolihitaji.

Kinachoamua ni mgandamizo wa mvuke wa kitu, yaani nguvu ya kusukuma ya mvuke kinaoutoa, pale kinapofikia kiwango chake cha kuyeyuka. Kitu kikiwa na mvuke mwingi kabla ya kuyeyuka, kinasablimika kwa raha. Kikiwa na mvuke kidogo, kitayeyuka kwanza na kukuharibia kazi. Tazama hizi, kwa milimita za zebaki: heksakloroethani ina 780 kwa nyuzi 186, yaani imepita angahewa ya 760, kwa hiyo kwenye hewa ya kawaida haiyeyuki kabisa, inapaa tu. Kafuri ina 370 kwa nyuzi 179. Iodini 90 kwa nyuzi 114. Nafthalini 7 kwa nyuzi 80. Asidi ya benzoiki 6 kwa nyuzi 122.

Unaona tofauti? Kafuri hiyo hata kwenye kabati la nguo inajiondokea. Iodini nayo haihitaji pampu, inahitaji uvumilivu. Nafthalini na asidi ya benzoiki zitasablimika bila ombwe ukikaa nyuzi kadhaa chini ya kiwango cha kuyeyuka, ila polepole, kwa sababu molekuli zinapenya katikati ya hewa iliyotulia moja moja. Ukipunguza hewa njia inafunguka. Hapo ombwe lina maana.

Na tuondoe uongo mmoja unaorithishwa darasani: kwamba iodini "haina hali ya kimiminika". Inayo. Pasha fuwele haraka kwenye tesitubu, utaona kimiminika cheusi kikizunguka chini, kwa nyuzi 114, na kinachemka kwa 184. Wanafunzi hawakioni kwa sababu mvuke wa zambarau unaficha kila kitu.

Mpenda_Fuwele

Mzee, hapo umenifungua macho. Sasa bila pampu, nipange vipi vyombo hivi hivi nilivyonavyo?

MzeeWaBika

Bika na flaski ya duara. Huu ndio mpangilio ninaoupenda kuliko wa faneli.

Weka unga wako chini ya bika pana, tabaka jembamba, umesagwa vizuri. Juu ya mdomo wa bika kalisha flaski ya duara iliyojaa maji baridi, kitako chake kikiingia ndani ya bika. Flaski inakuwa kifuniko na kipozeo kwa wakati mmoja. Bika ikae kwenye beseni la mchanga au la mafuta lenye kipimajoto, joto la chini kabisa. Mvuke unapanda, unakuta kitako cha flaski ni baridi, fuwele zinaota hapo. Ukimaliza, zima joto, acha vyote vipoe, inua flaski wima bila kuitikisa, igeuze juu ya karatasi safi na ukwangue. Hapo hakuna shingo ya kuhangaika nayo, fuwele zote ziko nje ya flaski.

Chagua flaski inayokaa juu ya mdomo bila kuziba kabisa. Bika ina ule mdomo wa kumiminia pembeni, hapo hewa iliyotanuka inatokea. Usiuzibe. Chombo kilichofungwa kabisa kikipashwa moto ni bomu, uwe unasablimisha au unapika chai.

Tahadhari nyingine ndogo ambayo imevunja bika nyingi: flaski yenye maji ya barafu hutoa jasho kwa nje. Matone yanateremka hadi kwenye ukingo wa bika yenye joto, na tone moja la baridi kwenye kioo cha moto linatosha. Maji ya bomba tu yanafaa kwa kafuri na iodini. Barafu ya nini?

Kiti_cha_Mbele

Huu uzi nauhifadhi.

BintiMaabara

Sasa swali la shingo, maana ndilo lililomkera mwenye uzi.

Mvuke haujui unakotakiwa kwenda. Unaganda popote panapopoa kwanza. Kwenye flaski iliyokaa juu ya hita, kitako ni cha moto, mabega ni ya vuguvugu, shingo ni ya baridi. Basi fuwele zinaota mabegani na shingoni. Ukitaka zisigande hapo, panapotakiwa kuwa na joto pawe na joto: zamisha flaski kwenye beseni la mafuta hadi juu ya mstari wa unga, mabega nayo uyafunike kwa karatasi ya aluminiamu. Kisha uweke baridi mahali pamoja tu, ndani, karibu na unga.

Hapo ndipo kinapoingia kile wanachokiita kidole baridi: tyubu ya kioo iliyozibwa ncha ya chini, inayopita kwenye kizibo cha flaski na kuning'inia ndani, maji yakizunguka ndani yake. Kama huna cha dukani, tesitubu ndefu yenye maji baridi iliyopitishwa kwenye kizibo inafanya kazi ileile. Ncha ikae sentimita 1 au 2 juu ya unga. Mbali zaidi ya hapo mvuke unapotelea ukutani. Karibu zaidi, vumbi la unga mchafu linakurukia kwenye fuwele safi.

Umbali huo si wa kubahatisha. Kwenye ombwe la paskali 1, molekuli ya hewa husafiri kama milimita 7 kabla ya kugongana na mwenzake. Kwenye angahewa ya kawaida hata milimita moja haipiti bila migongano isiyohesabika. Kwa hiyo katika ombwe zuri na umbali mfupi, mvuke unaruka karibu moja kwa moja kutoka kwenye unga hadi kwenye baridi.

Mfuatano wa kazi nao una maana yake. Kausha unga kwanza, usiwe na mabaki ya kiyeyushi, la sivyo ukivuta ombwe unaruka kama bisi na kuchafua kila kitu. Wengine huweka tabaka jembamba la sufi ya kioo juu ya unga, ni jambo jema. Vuta ombwe taratibu kukiwa bado baridi. Halafu ndipo ufungulie maji ya kidole baridi, si kabla, kwa sababu kidole baridi kwenye hewa ya kawaida kinavaa unyevu. Halafu joto, polepole. Ukimaliza: zima joto, acha ipoe kabisa, kisha rudisha hewa kwa kufungua vali kidogo kidogo. Ukifungua kwa pupa, upepo unaoingia unazing'oa fuwele na kuzitupa kwenye masalia ulikozitoa.

Kitu kingine, mkono wa pampu. Ukiwa mwembamba na uko karibu na mvuke, fuwele zinauziba, na wewe hujui kwamba ombwe halipo tena.

Mkereketwa_wa_Sayansi

Dada, na grisi kwenye maungio ya kioo kilichosagwa? Naona wengine wanapaka ya kutosha mpaka inang'aa.

BintiMaabara

Kidogo mno, mduara mwembamba sehemu ya juu ya maungio, upande ulio mbali na mvuke. Ikipata joto inateleza ndani, na mvuke wa vitu vingi vya kikaboni unaiyeyusha. Fuwele zako zitatoka na utelezi usioelewa umetoka wapi. Kwa iodini mimi natumia ala nyembamba ya plastiki ya tefloni kwenye maungio na grisi naiacha kabatini. Vizibo vya mpira na vya gome la mti pia weka mbali na iodini, inavitafuna.

Mwl_Kemia

Naomba niingie na upande wa darasani, kwani huko ndiko flaski hutumika zaidi kuonyesha kuliko kusafisha.

Kwa kuonyesha, flaski koni inafaa sana, bila ombwe, bila moto. Weka punje chache za iodini, ziba mdomo kwa pamba iliyolegea, simamisha flaski kwenye bika ya maji ya moto, yote haya ndani ya kabati la kufyonza mvuke kwa sababu mvuke wa iodini unachoma macho na mapafu. Zambarau itaonekana mara moja. Sasa waambie wanafunzi watazame *jinsi* unavyopanda: unajaa chini na kusitasita. Mvuke wa iodini ni mzito karibu mara 9 kuliko hewa. Kwenye flaski ndefu hauna haraka ya kufika juu, unatulia chini na kugandia ukutani katikati ya safari. Anayesafisha iodini achague chombo kifupi na kipana.

Kloridi ya amonia nayo hupenda kuonyeshwa kama mfano, ila kusema kweli si mwenzao. Karibu na nyuzi 338 inavunjika kuwa gesi mbili, amonia na kloridi ya haidrojeni, na gesi hizo zikipoa zinaungana tena kuwa unga uleule mweupe. Kwa macho ni usablimishaji, kwa kemia ni kuachana na kurudiana. Mtihani ukiuliza, jua mtunzi anataka jibu gani.

Na hapa niwe mkali. Kwenye rafu ya kemikali, nitreti ya amonia hukaa karibu na kloridi ya amonia kwa mpangilio wa herufi, zote nyeupe, chupa zinafanana. Nitreti ya amonia usiipashe moto kwenye flaski kwa sababu yoyote. Inaweza kulipuka. Soma lebo, msomee mwenzako kwa sauti, ndipo ufungue.

Mkereketwa_wa_Sayansi

Mwalimu, nafthalini naweza kuipata kwenye vile vidonge vya kufukuzia nondo? Naona hata mwenye uzi hakusema yake imetoka wapi.

Mwl_Kemia

Vidonge hivyo vipo vya aina mbili. Vingine ni nafthalini, vingine paradiklorobenzini. Ya pili inayeyuka kwa nyuzi 53 tu, kwa hiyo ukiweka beseni lako kwenye nyuzi 70 ukitegemea nafthalini, utajikuta na supu. Pima kiwango cha kuyeyuka cha kipande kidogo kwanza. Na zote mbili ni sumu kuvuta. Usifanyie chumba unacholala.

Nafthalini na kafuri pia hushika moto, na mvuke wake hupata kuwaka kabla hata ya joto unalolitumia kufika mbali. Taa ya gesi ikae kimya, tumia hita ya umeme.

Mpenda_Fuwele

Yangu ilipimwa, ni nafthalini. Asante mwalimu. Kwenye iodini, nimesoma mahali kwamba kuisablimisha peke yake haitoshi. Kweli?

MzeeWaBika

Kweli, kwa sababu uchafu wake wa kawaida ni klorini na bromini zilizoshikana na iodini yenyewe, nazo zinapaa pamoja nayo. Sablimisha kitu kinachopaa pamoja na uchafu unaopaa, umefanya nini? Umevihamisha vyote. Dawa yake ni ya siku nyingi: saga iodini pamoja na iodidi ya potasiamu, halafu ndipo usablimishe. Klorini na bromini zinabaki chini zimeshikwa na potasiamu, na mahali pake inatoka iodini. Baada ya hapo sablimisha tena peke yake.

Iodini usiiunganishe na pampu ya ombwe ya mafuta bila mtego wa baridi katikati, yaani chombo cha baridi kinachougandisha mvuke kabla haujafika kwenye pampu. Inakula chuma na kuharibu mafuta.

Barafu_Kavu

Mmeongea kafuri na iodini, mkasahau kitu kinachosablimishwa kwenye flaski za kioo kila siku: barafu. Kukausha kwa kugandisha ni usablimishaji huohuo. Unagandisha myeyusho kwenye flaski, unaunganisha na ombwe, maji yanaondoka yakiwa mvuke moja kwa moja.

Huku flaski zinavunjika kwa sababu tofauti. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Ukiisimamisha flaski wima na kuiacha igande, linajengeka donge chini na kuisukuma kioo kwa nje. Ndiyo maana tunaigandisha ikizunguka: flaski ya duara imelala kwenye umajimaji wa baridi kali, unaizungusha mpaka myeyusho ugande kama ganda jembamba ukutani mwote. Usijaze zaidi ya theluthi moja. Ganda jembamba pia hukauka haraka kwa sababu uso wake ni mkubwa.

Halafu watu husema "pampu inatoa maji". Haitoi. Gramu 1 ya barafu kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, ikigeuka mvuke kwenye mgandamizo wake wa hapo, paskali 13 hivi, inachukua nafasi ya lita 8,000 na zaidi. Pampu gani itameza hizo? Anayezimeza ni mtego wa baridi, ambao lazima uwe baridi kuliko sampuli yako. Pampu kazi yake ni kuondoa hewa tu ili mvuke upate njia.

Msela_wa_Ombwe

Mtego naweka wa naitrojeni kimiminika, si ndiyo baridi kuliko yote?

Barafu_Kavu

Unaweza, ila kwa adabu. Naitrojeni hiyo iko nyuzi 196 chini ya sifuri, na oksijeni inakuwa kimiminika kwa 183 chini ya sifuri. Ukiacha mtego umezama huku hewa inaingia, iwe kwa uvujaji au umezima pampu na kufungua, unakusanya oksijeni kimiminika ndani ya kioo, rangi ya samawati hafifu. Ikikutana na mabaki ya vitu vya kikaboni ni mlipuko. Anza ombwe ndipo uzamishe mtego. Kumaliza, toa naitrojeni kwanza. Kwa kazi za maji na vitu vingi vya kawaida, barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) kwenye ethanoli, nyuzi 78 hivi chini ya sifuri, inatosha na haina mkasa huo.

Mkereketwa_wa_Sayansi

Samahani kuchepuka, hii mbinu ni ya zamani kiasi gani? Nauliza tu.

MzeeWaBika

Ya zamani sana. Al-Razi, tabibu na mwanaalkemia wa Uajemi aliyefariki karne ya 10, alikuwa na kundi zima la vitu alivyoviita roho kwa sababu hupaa vikipashwa moto: zebaki, salfa, chumvi ya amonia na misombo ya aseniki. Chombo chao kiliitwa uthali, vyungu viwili vilivyowekwa mdomo kwa mdomo, cha chini kwenye moto, cha juu cha kupokea. Ukitazama bika na flaski yangu utamwona babu yake. Ila zebaki na aseniki tumwachie yeye.

Mpenda_Fuwele

Wakuu, mmenitendea haki. Nitaanza na kafuri kwa bika na flaski ya duara, pampu baadaye nikipata kidole baridi. Swali la mwisho: flaski ikishatumika naisafishaje? Nina moja ina doa la kahawia la iodini na nyingine nafthalini imegoma kutoka kwa sabuni.

BintiMaabara

Doa la iodini: myeyusho mwepesi wa thiosalfeti ya sodiamu, zungusha ndani, rangi inapotea mbele ya macho yako, kisha suuza kwa maji mengi. Hata kwenye meza ni hivyohivyo.

Nafthalini na kafuri haziogopi sabuni wala maji. Mimina asetoni au ethanoli kidogo, tikisa, mwaga kwenye chombo cha taka za viyeyushi, rudia, halafu ndipo sabuni. Usiiweke kwenye oveni ikiwa bado inanuka kiyeyushi, iache ikauke hewani kwanza ndani ya kabati. Na brashi ya waya tafadhali usiingize. Mkwaruzo ule fundi aliosema unaanzia hapo.

FundiVioo

Hasa. Na maungio yakigoma kuachana, usiyapige wala kuyapinda. Pasha upande wa nje peke yake kwa hewa ya moto, ukiizungusha, ili wa nje utanuke kabla ya wa ndani, kisha vuta ukizungusha. Isipotoka, mpelekee mpuliza vioo.